Mwanagenzi wa Reli na Neno "Nimeona"

Wasomaji wetu wa Temeke, Chang'ombe na Tandika wawajua vijana hawa, maana huwaona alfajiri wakigombania daladala, nao wamevaa ovaroli zenye madoa ya grisi yasiyotoka hata zikifuliwa mara ngapi. Ni wanagenzi wa reli, walio katika mwaka wa kwanza wa kujifunza ufundi. Mji wetu una njia za reli za namna tatu. Iko ile ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905, yenye upana wa milimita 1,000. Iko ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ili kutufikisha Kapiri Mposhi, Zambia, nayo ni ya milimita 1,067. Tena iko ile mpya ya umeme, ya milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024. Kijana aingiaye kazi hii ana mengi ya kujifunza, na katika mwaka wa kwanza ajuayo ni machache sana. Hubeba spana, hufagia karakana, hupaka grisi, hutumwa huku na huku.

Leo twataka kuuliza: kijana huyu asiyejua kazi bado adaiwa nini? Wengi watajibu upesi kwamba adaiwa utii tu. Aseme "Ndiyo, fundi", afanye alivyoambiwa, na dhamana iwe juu ya wakubwa. Jibu hili lina ukweli ndani yake, walakini halitoshi.

Tutwae kazi ya kupima breki. Mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse alivumbua breki ya hewa ambayo asili yake ingali katika treni nyingi za ulimwengu. Bomba la hewa hupita katika treni nzima, tangu kwenye injini hata behewa la mwisho. Bomba likijaa hewa, breki hulegea. Hewa ikitoka, breki hubana magurudumu. Hata treni ikikatika vipande viwili, hewa hutoka, na kila kipande husimama chenyewe. Ni akili ya ajabu: chombo kikipata hitilafu, husimama.

Lakini kati ya behewa na behewa zipo koki. Koki moja ikifungwa mahali pasipostahili, amri ya dereva haipiti hapo. Ya mbele hubana, ya nyuma hayana habari. Dereva aliyeketi kwenye injini hawezi kuyaona magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo, kabla ya treni kuondoka, dereva huitoa hewa, na lazima awepo mtu huko mwisho kabisa wa treni atakayetazama kwa macho yake kwamba breki imebana, na kisha kwamba imelegea. Haihitaji elimu kubwa. Yahitaji miguu na macho, katika jua la adhuhuri, mabehewa ishirini kwenda na ishirini kurudi. Mtu mwepesi wa kutumwa kazi hiyo ni nani, kama si kijana wa mwaka wa kwanza?

Sasa tuseme amefika behewa la kumi na mbili, jua linamchoma, na huko mbele wanamwita kwa sauti kwamba treni imechelewa. Akirudi, aulizwa, "Tayari?" Fomu imewekwa mbele yake, na kalamu.

Hapa twapata msaada kwa mwalimu wa kale, Thomas wa Akwino, aliyemfuata Aristotle katika jambo hili. Alipambanua ufundi na busara ya maisha. Katika ufundi, asema, anayeharibu kazi kwa kusudi ana sifa kuliko anayeiharibu kwa kutojua, maana wa kwanza ufundi anao, wa pili hana. Katika maisha ya adili ni kinyume: anayekosa kwa kusudi ndiye mbaya zaidi. Msomaji aweza kudhani hayo ni mafumbo ya wanachuoni, lakini ayapeleke karakanani aone. Kijana akikosea kufunga nati kwa sababu hajui, ufundi wake umepungua, lakini heshima yake haijaguswa. Akiandika "Nimeona" naye hakuona, ufundi wake haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana twasema kwamba lipo jambo moja ambalo mwanagenzi wa siku ya kwanza yu sawa na mhandisi wa miaka thelathini. Kama breki hii ni nzuri au mbaya, huenda hajui. Kama amefika behewa la mwisho au hakufika, ajua kuliko mtu yeyote duniani. Mikono yake aweza kumwazima fundi, naye fundi aitumie apendavyo, macho hayaazimwi.

Wala si jambo la karatasi tu. Tarehe 27 Juni 1988, katika stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris, watu 56 walikufa kwa sababu koki moja ya bomba la breki ilikuwa imefungwa bila kukusudiwa, na mabehewa mengi yakawa hayana breki. Kwetu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma katika mlima wa Igandu, Dodoma, breki zisiishike, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Hatusemi kwamba katika misiba hiyo yuko kijana aliyeandika asichokiona. Twasema tu ni uzito gani uliotundikwa kwenye breki, na kwamba abiria aliyelala juu ya begi lake hana njia ya kwenda kujihakikishia mwenyewe.

Lakini tusimlemee mnyonge peke yake. Kijana wa Mbagala ambaye nauli yake ni ya kukopa, ambaye mama yake anauza vitumbua ili amtunze mpaka amalize mafunzo, akiambiwa "Andika tu, usituchelewesha", aogopa. Ana haki kuogopa. Fundi anayemkaripia kijana kwa kusema "Sijafika mwisho" amemfundisha uongo siku hiyo, na somo hilo litakumbukwa kuliko la spana. Wazee walisema, kawia ufike. Sijui kwa nini twalikumbuka neno hilo barabarani, kisha twalisahau pale saa ya stesheni inapotutazama.

Sehemu kubwa ya deni, basi, ni ya fundi, wala kwake si gharama kubwa. Fomu ya ukaguzi kwa kawaida hutaka mtu ajibu kwamba kitu ni kizima au kina kasoro. Ingefaa iwepo nafasi ya tatu, ya kuandika "Sijaangalia", na kijana aitumiaye asitukanwe wala asikatwe posho. Ajibiwe tu, "Haya, rudi ukaangalie," na treni imngoje dakika zile kumi, hata aonekane kule nyuma, mdogo kama kidole, akiinua mkono kando ya behewa la mwisho.