Ngozi ya Kromi

Sogelea bomba la maji la kwenye sinki, au ekzosi ya pikipiki ambayo mwenyewe hupenda kuisugua, uone sura yako humo. Kinachong'aa si chuma. Ni utando wa kromi ambao, katika vitu vya mapambo, kwa kawaida hauzidi nusu ya maikromita. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara mia na zaidi.

Madini haya yalifichwa mahali pa ajabu. Mwaka 1797 Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin alichunguza jiwe jekundu lililotoka milima ya Ural, Urusi, akakuta ndani yake metali isiyojulikana. Baadaye aliikuta pia ndani ya zumaridi. Kijani cha zumaridi na wekundu wa yakuti, vyote viwili ni kazi ya kromi. Mchoraji gani mwingine angetumia rangi moja kutoa mbili zisizofanana hata kidogo? Subhana!

Fundi naye ana sehemu yake, na jasho lake halionekani. Kromi haifichi mkwaruzo, kwa hiyo chuma hupigwa msasa na kung'arishwa kwanza, kisha huoshwa hadi isibaki hata alama ya kidole chenye mafuta. Hupakwa nikeli kwa umeme, mara nyingi juu ya shaba, na hapo ndipo kinga kubwa ya chuma ilipo. Mwisho huning'inizwa upande hasi wa umeme ndani ya birika la asidi ya kromi, yapata gramu 250 kwa lita, huku vipande vya risasi vikiwa upande chanya. Ndani yake hutiwa asidi ya salfa, gramu mbili na nusu tu kwa lita. Ikikosekana hiyo kidogo, kromi haishiki vizuri. Ikizidi, kazi huharibika. Sehemu kubwa ya umeme huishia kwenye mapovu ya hidrojeni, na kromi hupata chini ya moja ya tano. Dakika chache zinatosha.

Nisisifie mng'ao nikanyamaza kuhusu mvuke wa birika hilo. Kromi ya aina iliyomo ndani ya mvuke huo husababisha saratani ya mapafu, na karakana isiyo na mitambo ya kufyonza hewa chafu inamdhulumu mfanyakazi wake. Ndiyo maana viwanda kadhaa vimehamia kromi ya aina nyingine, isiyo na sumu kali kiasi hicho.

Lakini kinachoniinamisha kichwa hutokea baada ya fundi kunawa mikono. Kromi ina pupa ya oksijeni kuliko hata chuma. Ikitoka majini na kukutana na hewa, hujifunika papo hapo kwa utando wa nanomita chache, usioonekana, uliobana kiasi kwamba oksijeni yenyewe haipenyi tena. Hewa ileile inayokitafuna chuma inafanywa mlinzi. Ukiukwaruza utando huo, hujirudisha bila kuombwa, bila umeme, bila malipo.

Bampa kuukuu likianza kutoa madoa ya kahawia, watu husema kromi imepata kutu. Wanaionea. Maji yamepita kwenye vitundu na nyufa, yakaipenya nikeli, yakafika kwenye chuma cha chini. Kutu ni ya huko, imepanda juu kupitia tundu lilelile.