Fumbo na Mfumbuzi Wake

Mwenye nyumba akimwambia mgeni wake, "Naona jua limekuchwa," kisha mtoto aliyeketi ubavuni mwake akaongeza, "Baba ataka uondoke," mtoto huyo hakusema uongo. Maana ni ile ile, tena imekuwa wazi zaidi. Hata hivyo atakaripiwa, na ni haki akaripiwe, kwani alichokivunja si maana bali ni stara. Mgeni alikuwa ameachiwa nafasi ya kujiondokea mwenyewe na heshima yake.

Mas-ala haya ndiyo yamkabiliyo kila afasiriye ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga katika zama za mvutano baina ya Mazrui na Sayyid Said, aliyeutwaa mji ule mwaka 1837. Katika hali kama hiyo fumbo si pambo tu. Mshairi huwasemeza watu wake, na akiulizwa na wakubwa hujibu kwamba alikuwa akisema habari za chombo na pepo.

Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdalla alizikusanya tungo hizo pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na akazitolea maelezo. Je, alimsaliti Muyaka? Wapo waonao kuwa fumbo likishafumbuliwa hubaki ganda. Hoja yao ina nguvu pale mlengwa angali hai, na mshairi angali na shingo ya kupoteza. Lakini Sikujua alifumbua baada ya mwenyewe kulala kaburini zaidi ya miaka arubaini, na waliozijua habari zile wakipungua mmoja mmoja. Haja ya stara ilikuwa imekwisha. Lau angalinyamaza, beti nyingi zingalitufikia sauti tupu.

Lawama yafaa ielekezwe kwingine. Mwanafunzi aambiwapo auandike ubeti kwa lugha ya nathari (zoezi zuri, maana humlazimisha asome kweli), hufundishwa pia, pasi na kuambiwa, kwamba nathari ile ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo, na vina na mizani ni kichaka cha kupitwa haraka. Maelezo ya Sikujua yalikaa kando ya ubeti, wala hayakukalia mahali pake. Na yule mtoto naye, lau angalingoja mgeni akaaga, kisha akamwuliza babake amekusudia nini, asingalikaripiwa na mtu.