Kibao cha "Mbwa Kali" Hakiondoi Dhima



Mitaa mingi ya hapa Kampala ina mageti yenye kibao cha "Mbwa Kali". Nyuma ya geti huwa kuna mbwa mkubwa: German Shepherd, Rottweiler au Boerboel. Wenzetu wengi huona kibao kimemaliza maneno: umeonywa, ukiumwa shauri yako. Mimi naona kinyume. Kibao ni ushahidi wa mwenye mbwa dhidi ya nafsi yake, kwamba alijua.

Tuanze na ruhusa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayefuga mbwa bila haja ya mifugo, kuwinda au shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Baadhi ya wanazuoni wameulinganisha ulinzi wa nyumba na haja hizo. Basi ruhusa imefungamana na haja, na haja yako haihalalishi kumdhuru jirani.

Wapo wanaojitetea kwa hadithi ya Bukhari na Muslim kuwa jeraha la mnyama halina fidia. Wanazuoni wameeleza kuwa hiyo ni pale ambapo mwenyewe hakuzembea. Ibn Qudama, katika al-Mughni, anamtaka anayefuga mbwa mwenye kuuma kisha akamwachia alipe madhara yake. Hata mgeni aliyeingia nyumbani kwa idhini akiumwa, hulipwa. Asiye na madai ni yule aliyeingia bila idhini.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kama za Kenya na Tanzania, inamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu ameacha kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake. Na katika kesi za fidia, sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza imezoea kuuliza: je, mwenyewe alijua kuwa mbwa huyu ni mkali? Kwa mwenye kibao, jibu limeandikwa getini.

Mbwa hana akili ya kukalifishwa. Hatasimama mbele ya hakimu. Lakini dhima haipotei hewani. Inamrudia mwenye akili, aliyemchagua mbwa huyo kwa sababu anatisha. Tena, geti likiachwa wazi, anayepita si mwizi peke yake. Hupita mama muuza ndizi, mwanafunzi aendaye kuswali Alfajiri, na mtoto aliyetumwa dukani ambaye hata kusoma bado hajui. Huyo ameonywa na nani?

Kwa hiyo, anayetaka mbwa mkubwa ajiulize kwanza: Nina ukuta na geti linalofungika? Nina mnyororo, na mtu mwenye nguvu za kumshika? Amechanjwa kichaa cha mbwa? Nitaweza kumtibu atakayeumwa? Akikosa haya, na atafute ulinzi mwingine. Usalama wa nyumba yangu usinunuliwe kwa mguu wa mtoto wa jirani.

Wallahu a'alam.