Mtaishi Upande Gani?

Somo: Mwanzo 31



Majuzi nilikaa na wachumba wawili wanaojiandaa kwa harusi. Kijana ni wa hapa Busia, binti ni wa upande wa Uganda. Walikuwa wameshapanga mahari, tarehe, hata watoto wangapi. Nikawauliza, "Mtaishi upande gani?" Kijana akajibu haraka, "Kenya, Pastor." Binti akaangalia chini. Nikaikumbuka nyumba yangu.

Mnajua mke wangu ni wa Tororo. Kabla tuoane, mimi kwa vile nilisomea biashara, nilichukua karatasi nikachora mistari: kodi ya nyumba, kazi, karo, nauli. Kenya ikashinda. Nikampa karatasi kama mtu anayetoa risiti. Akaisoma yote, akaniuliza, "Na mama yangu yuko mstari gani?" Nikacheka. Nikamwambia Tororo ni hapo tu, unavuka asubuhi na kitambulisho, jioni umerudi.

Machi 2020 Uganda ikafunga mipaka kwa abiria, na mama mkwe akaugua. Tulikuwa tumepanga nyumba Malaba, foleni ya malori tukiiona kutoka mlangoni. Madereva walingoja siku nyingi wapimwe, lakini mwishowe malori yalivuka. Mke wangu hakuvuka. Watu walitushauri njia za panya, nikakataa, na kwa hilo sijutii. Mama alipona, Mungu ni mwema. Lakini usiku mmoja mke wangu aliniambia: "Tungeamua pamoja, huu uchungu ungekuwa wetu. Sasa ni wangu peke yangu."

Hebu tufungue Neno. Yakobo ameishi kwa Labani miaka 20, na Mungu amemwambia arudi kwao. Kama kuna mwanaume angesema "Mungu ameongea, fungeni mizigo," ni huyu. Lakini aliwaita Raheli na Lea malishoni, akawaeleza mambo yote, na wao wakajibu kwa vinywa vyao wenyewe. Ndugu yangu, kama Yakobo aliyesikia sauti ya Mungu aliuliza wake zake, wewe uliyechora karatasi ni nani? Na tusiseme mwanamke ndiye wa kuacha kwao tu. Soma tena Mwanzo 2:24, uone anayetajwa kuacha baba na mama ni nani.

Lakini Yakobo alikosea mahali. Aliondoka kisirisiri. Labani akamfuata siku saba mpaka Gileadi. Labani alikuwa mjanja, tunajua, lakini lalamiko lake moja lilikuwa la kweli: hakupewa nafasi ya kuwaaga binti zake na wajukuu. Wazazi wa ng'ambo wasisikie habari kwa majirani. Nendeni wote wawili, mkae chini, mwaambie.

Tena angalia walivyomaliza. Walirundika mawe, yakawa mpaka: hakuna atakayevuka kumdhuru mwenzake. Wakala chakula pale pale. Na Labani akataka ahadi kwamba binti zake hawatateswa. Mpaka ule haukuvunja ujamaa, uliulinda. Wetu sisi ulichorwa na wengine. Hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa Uganda, kisha Waingereza wakalihamishia upande wa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili, na hawajaacha kuoana.

Sasa mambo ya makaratasi, kwa sababu imani haikatazi kujipanga. Andikisheni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, hata za kimila. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa kama baba au mama ni Mkenya, hata akizaliwa Tororo. Kifungu cha 15 kinampa aliyeolewa au kuoa Mkenya haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Cheti cha ndoa na vya watoto viwekeni vizuri. Siku ya shida hakuna atakayewauliza kama mnapendana, mtaulizwa cheti.

Sisi tulikaa upya, mimi na mke wangu. Niliomba msamaha kwanza, ndipo tukachukua karatasi mpya, kalamu akashika yeye. Bado tunaishi Kenya. Lakini Desemba ni ya Tororo, na tumekubaliana mama akishindwa kuishi peke yake, tutahama sisi, hata kama hesabu itakataa. Mstari wa kwanza kwenye bajeti yetu sasa ni dawa zake.

Wale wachumba niliwapa wiki mbili, kila mmoja aandike peke yake anachoogopa kupoteza, halafu wasomeane. Na wewe uliyeoa zamani, hujachelewa. Leo jioni muulize mwenzako swali ambalo hukumuuliza, kisha unyamaze usikie.

Bwana, utupe masikio nyumbani mwetu. Ulinde wazee wetu wa pande zote mbili. Katika jina la Yesu, amina.