Muhuri wa Chura

Karatasi ilitoka kwenye mkoba wa mjukuu wangu ikiwa imekunjwa mara nne na kulowa juisi pembeni. Alhamisi shule ingekuwa na jioni ya tamaduni: kila mtoto aje na vazi la kwao, chakula cha kwao, na salamu kwa lugha ya nyumbani. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kujaza, na mbele yake neno moja tu: Nchi.

Msichana ana miaka 9. Alikaa na penseli yake, akaniuliza, "Nyanya, tuandike nini?"

Nilikuwa mgeni pale, nimefunga safari kutoka Mombasa hadi Uingereza kumtazama mwanangu na wanawe, na mgeni hapendi kuzua mjadala katika nyumba ya watu. Nikamwambia aandike Somalia. Akaandika kwa herufi kubwa, kisha akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. "Lakini Kisomali sikijui."

Kweli hakijui. Babake anakijua kidogo, na mimi changu kimeshika kutu. Nyumbani mwao husemwa Kiingereza, na Kibajuni cha kugombeza na kubembeleza.

Mstari ule ulininyima usingizi. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Koyama, katika visiwa vyetu Wabajuni vilivyopangana kusini mwa Kismayo: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vidogo vyao, hadi ukakaribia Kiamboni mpakani mwa Kenya. Babake alimkuta Sultani wa Zanzibar akiitawala pwani ile. Wamisri wakaja na manowari mwaka 1875, wakaondoka. Akaja Mwingereza, na mwaka 1925 Mwingereza akaimega Jubaland kutoka upande wa Kenya akamkabidhi Mwitaliano, kama mtu anavyompisha mgeni kiti. Mwaka 1960 ikawa Somalia huru. Babu hakuhama hata siku moja. Alivua kwenye miamba ile ile, na kila bendera ilipobadilika alibadilishiwa nchi akiwa amelala, huku jamaa zake wa Faza na Kizingitini wakibaki ng'ambo ya mpaka ambao hawakuuona popote baharini. Sasa mtoto atoe jibu la neno moja, tena kwa penseli.

Chakula nacho kilikuwa na vituko vyake. Nilikusudia samaki wa kupaka. Ikaja karatasi ya pili: samaki hapana, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Basi wali wa nazi. Mwalimu akaomba radhi, karanga na jamii yake haziruhusiwi, na kwa Kiingereza nazi imepewa jina la ukoo mmoja na karanga, kwa hivyo hakuwa na hakika. Mpeleke Mbajuni karamuni bila samaki na bila nazi! Nikapika kaimati, nikazimiminia shira, nikanyamaza.

Nilipokuwa nikikoroga shira ile nilikumbuka jioni nyingine. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 7, na ndio mwaka serikali ya Siad Barre ilipoamua Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Punde kikawa lugha ya kusomeshea. Sina kinyongo na Kisomali, hadi leo jedwali la kuzidisha nalijua kwa Kisomali tu. Lakini Kibajuni tulikivua mlangoni pamoja na viatu. Ukabila ulikuwa umepigwa marufuku, kumuuliza mtu ukoo wake ni kosa, na mwalimu, mwanafunzi na mpishi wote wakaitwa jaalle, yaani komredi. Kila tarehe 21 Oktoba, siku ya mapinduzi ya 1969, tulipangwa uwanjani kwa mistari. Mwaka mmoja kaka zangu wakaitwa wacheze kirumbizi, fimbo kwa fimbo, zumari ikilia. Mtangazaji akasema hiyo ni ngoma ya watu wa pwani. Watu gani wa pwani, hakusema. Makofi yalikuwa mengi. Baba alisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni, hakupiga kofi hata moja, na mpaka anakufa sikupata kumuuliza kwa nini.

Mwanangu alikuwa na miaka 7 tulipokimbia vita, tukavuka kwa jahazi hadi Kenya mwaka 1992. Nyavu na vyombo vya wenzetu wengi vilikuwa vimeporwa, na hatukuwa na ukoo wenye bunduki wa kututetea. Mombasa ilikuwa na kambi za wakimbizi siku hizo, Utange, Jomvu, Swaleh Nguru. Kabla miaka ya 1990 haijaisha zilifungwa. Wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakarudishwa makwao, na sisi tukapotelea mitaani. Mtoto akakua akisema "mtu" barabarani na "nchu" akiingia ndani, na kama watoto wote hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Ajabu ilionwa na watu wazima. Alipofika Uingereza mwaka 2003 kuomba hifadhi, alitakiwa athibitishe kuwa ni Mbajuni. Hakuwa peke yake. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa za uhamiaji ya huko ilitoa uamuzi wa kuongoza kesi za Wabajuni, na kichwa chenyewe cha uamuzi kinataja uwezo wa kusema Kibajuni. Lugha ambayo mimi niliivua mlangoni, yeye aliambiwa aivae ndipo aingie. Akaulizwa visiwa, akaulizwa samaki, akaulizwa maji ya kunywa hutekwa wapi. Kisha akapewa simu azungumze na mtu asiyemwona, sauti yake ikarekodiwa. Ripoti ikasema matamshi yake yana dalili ya Kenya. Mtoto aliyekulia Mombasa tangu ana miaka 7 alitarajiwa aseme kama nani? Ilimchukua miaka 4.

Yuko mtaalamu wa lugha aliyefundisha Chuo Kikuu cha Memorial nchini Canada, Derek Nurse, aliyetumia miaka mingi kukusanya msamiati na masimulizi ya Kibajuni. Mwanangu alinionyesha kazi hiyo kwenye simu. Tulikaa hadi usiku wa manane, yeye akisoma neno, mimi nikicheka au kupinga: hilo la Chula, sisi hatusemi hivyo. Baadaye ikanijia kwamba nilikuwa namsahihisha, mwanangu yule yule, kwa sauti ile ile ya mtu wa kwenye simu.

Basi Alhamisi ikafika. Ukumbi ulikuwa ule wa mazoezi, wenye harufu ya viatu vya mpira, na vibendera vimetungwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mjukuu wangu alifungwa leso, juu yake sweta, kwa kuwa baridi ya kule haijali vazi la taifa. Meza yetu ilikuwa na bendera ya buluu yenye nyota nyeupe. Pembe zake tano ziliwekwa mwaka 1954 kuwakilisha sehemu tano walizokaa Wasomali, na visiwa vyetu havina pembe yao. Hata katika hesabu ya siasa iliyoanza mwaka 2000, koo nne kubwa hupata fungu zima kila mmoja, na waliobaki wote hugawana nusu. Sisi tumo katika nusu. Nilikuwa nimejiandaa kununa.

Lakini meza ilikuwa ya watoto wawili. Mwenzake alikuwa mvulana Msomali wa darasa lao, amevaa kofia na fulana ya mpira, na mamake alikuja na sinia ya sambusa. Aliponiona akanyenyekea, "Eeddo, iska warran?" Eeddo ni shangazi, ndivyo Msomali amwitavyo mwanamke aliyemzidi umri. Kisomali changu kikaanza kutoka kimoja kimoja, kama maji ya bomba lililokaa muda. Kwao wapi? Kismayo! Alizaliwa huko miaka ya 1980. Tukaanza kutafutana: bandari, kiwanda cha nyama, ufukwe. Alikumbuka wanawake waliokuwa wakiuza samaki asubuhi na kuitana kwa lugha asiyoijua. Nikamwambia mmoja wao huenda alikuwa mama yangu. Akakaa kimya kidogo, kisha akanisogezea sambusa. Ya vita hatukuyagusa. Nilijua ukoo wake kwa jina la babu yake alilolitaja, naye alijua kwamba nimejua.

Watoto hawakuwa na habari nasi. Wao walikuwa na pasipoti. Kila mtoto alipewa kijitabu cha karatasi ya rangi, jina lake juu, na kila meza ilikuwa na muhuri wa mpira. Unapita meza hadi meza, unasema neno la watu wa pale, unagongewa. Anayejaza kurasa zote anapewa penseli. Mjukuu wangu ndiye aliyeshika muhuri wetu, wenye picha ya chura, na aliushika kwa uzito wa ofisa wa mpakani Namanga.

Neno gani watu waseme? Salamu aleikum ilikwisha chukuliwa na meza tano. Mvulana alitaka la Kisomali, msichana la kwake. Wakabishana, kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha pekee waliyoijua wote wawili. Mjukuu wangu akanigeukia, na nikamwambia wasemavyo wazee wetu: jina la mji wa Kismayo ni Kisima yuu, kisima cha juu, kwa kuwa kwetu sisi "juu" ni "yuu". Mvulana akamwangalia mamake, macho yamemtoka. Mamake akacheka hadi akashika meza. "Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikikaa kisimani!" Wakakubaliana. Atakaye muhuri aseme Kisima yuu.

Palikuwa na mtoto mmoja wa Kiingereza, nywele nyekundu, aliyezunguka ukumbi mikono mitupu. Meza ya Uingereza haikuwapo. Nadhani hakuna aliyeikumbuka, kama vile samaki asivyokumbuka maji. Alisimama mbele yetu akauliza, "Kwetu mimi ni wapi?" Mwalimu alianza kumfafanulia jambo refu. Mjukuu wangu akampa kazi: ashike picha.

Picha ilikuwa ya chazo. Niliwahi kumhadithia jinsi baba yangu alivyovua kasa kwa samaki, na badala ya ramani niliyomtaka achore, alichora hiyo. Chazo ana kitu kama soli ya kiatu utosini, hujigandisha kwa samaki wakubwa, na kwa kasa, akasafiri bure. Wavuvi wetu walimfunga kamba shinani mwa mkia, wakamwachia kasa anapoonekana. Chazo akigandama, unavuta taratibu. Kadiri unavyomvuta kwa nyuma ndivyo anavyozidi kung'ang'ania, mpaka kasa anafika ubavuni mwa chombo.

Mtoto mwenye nywele nyekundu aliinua picha juu ya kichwa chake, na mjukuu wangu akasimulia. Nimeona wasomi wakitoa mada kwa watu waliolala. Hapa watoto wa Poland, wa Pakistani, wa Nigeria waliacha foleni za vyakula. Chazo anaumia? Hupewa nini kama mshahara? Akikosea akamgandama papa je? Msichana mmoja mwenye miwani aliuliza kama kasa alijua anavutwa na rafiki yake. Hilo sikuwa na jibu lake. Nilisema siku hizi kasa ni haba na havuliwi tena kule Kenya, ni marufuku, wakafurahi, ingawa mjukuu wangu alininong'oneza kwamba nimemharibia hadithi.

Kaimati zilikwisha kabla ya sambusa. Naliandika hili kwa makusudi.

Saa moja unusu taa za nje zilikuwa zimewaka na watu wanakunja meza. Mwanangu alitoka kazini akaja moja kwa moja, bado ana vazi la kazi la manjano. Alichukua kijitabu kilichobaki, akakijaza jina lake, akasimama nyuma ya watoto wawili waliokuwa kwenye foleni yetu. Alipofika mbele akamnyooshea bintiye.

"Neno," akasema mtoto, bila kuinua macho.

"Kisima juu."

Sijui kama alichoka, au alimtania, au ulimi ulimpeleka Mombasa wenyewe. Sikumuuliza wakati ule wala baadaye. Muhuri ulibaki hewani. "Siyo hivyo, Baba," mtoto akasema.

Mwanangu alinitupia jicho, kisha akamwangalia yule chura wa mpira. "Kisima yuu," akasema polepole.

Mjukuu wangu hakuridhika. Akanigeukia mimi. "Nyanya, amesema sawasawa?"

Nikasema amesema sawasawa. Akagonga kwa mikono miwili. Wino ulikuwa unakwisha, na chura alitoka hana mguu mmoja.