Utando Mweupe Juu ya Mti Mpya

Somo: Mathayo 13:24-30



Familia moja iliyosali nasi hapa kabla ya kuhamishiwa Marekani imetuandikia barua. Watoto wao wanafuga samaki wadogo nyumbani, ndani ya tangi la kioo. Walinunua kipande cha mti mkavu, ule unaotupwa ufukweni na maji, wakakiweka ndani ili samaki wapate pa kujificha. Baada ya siku chache kikaota utando mweupe unaoteleza kama kamasi. Mama akasema, "Mti huu utaua samaki. Tupeni!" Jirani mfugaji akawazuia.

Akawaeleza kwamba mti mpya ukilowa hutoa sukari iliyobaki ndani yake. Bakteria na ukungu huja kuila, nao ndio utando ule. Haudhuru samaki. Konokono wa majini huula, na mtu aweza kuusugua. Sukari ikiisha, baada ya majuma kadhaa, utando hutoweka. Lakini mti uliooza, laini na wenye kunuka, huondolewa.

Ndugu, sisi pia tumefikishwa hapa na maji mengi. Mgeni akiingia kati yetu, yaliyo ndani yake hutoka: hasira kwenye foleni ya bomba, ukimya, kukaa nje wakati wa ibada. Sisi wazee wa kanisa tulimtoa mama mmoja katika kwaya kwa sababu alisimama bila kuimba. Tukasema ana kiburi. Baadaye tukajua: wimbo ule ndio ulioimbwa alipomzika mwanawe njiani. Tangu siku ile hajarudi ibadani. Tumetubu mbele za Mungu, na leo tunatubu mbele yenu.

Katika mfano wa Bwana Yesu, watumishi walikuwa na haraka, mwenye shamba akawa na subira. Alijua kwamba mkono wa haraka huharibu hata ngano.

Dhambi tuiite dhambi. Wizi na kumpiga mke havingojewi majuma. Lakini huzuni si dhambi. Huzuni yataka muda, na watu wa kuipunguza kidogo kidogo, kama konokono wale.

Basi juma hili kila nyumba imtembelee mgeni mmoja. Tusiende kuhoji. Twende na kuni au unga kidogo, tukae naye. Sisi wazee tutaanza na mlango wa yule mama.

Mungu atusaidie. Amina.