Mbio za Asaheli

Somo: 2 Samweli 2:18-28

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Mwezi huu napenda tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo twalizungumza sana sokoni na njiani, lakini kanisani hatulitaji: mtu aliyelewa kushika usukani, na askari kumfukuza barabarani. Labda mtauliza, Je! Biblia inasema nini juu ya motokaa? Juu ya motokaa haisemi neno. Juu ya kukimbia na kukimbiza inasema mengi.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 2. Kulikuwa na vita huko Gibeoni kati ya watu wa Daudi na watu wa nyumba ya Sauli. Watu wa Sauli walishindwa, na Abneri, jemadari wao, akakimbia. Asaheli, ndugu yake Yoabu, kijana mwepesi wa miguu kama paa, akamwandama. Hakugeuka kulia wala kushoto. Abneri alimsihi aache, akakataa. Akamsihi mara ya pili, akakataa tena. Ndipo Abneri akamchoma kwa upande wa nyuma wa mkuki, akafa papo hapo. Na kila mtu aliyefika mahali pale alisimama.

Angalieni, wapendwa, Asaheli alikuwa upande wa Daudi, mpakwa mafuta wa Bwana. Tena alikuwa na kipawa cha mbio kuliko wenzake. Lakini haki yake haikumkinga, na mbio zake ndizo zilizompeleka kwenye mauti. Alimtazama mtu mmoja tu mbele yake, asione kitu kingine.

Sasa tumtazame huyo anayekimbia. Pombe ikiingia katika damu hufika hata ubongoni, na huondoa busara mapema kuliko inavyoondoa nguvu za miguu. Kwa hiyo mlevi huwa wa mwisho kujua kwamba amelewa. Macho yake hayaoni vema, na mguu wake huchelewa kutii. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu meta 28 katika kila sekunde moja. Dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, gari limekwisha pita nyumba mbili tatu za kijiji. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari. Wengine husema, Nitakunywa kahawa, nitanawa uso kwa maji baridi. Hayo humwamsha mlevi, hayamwondolei ulevi. Ini ndilo linaloondoa pombe mwilini, nalo hufanya kazi polepole, kwa saa nyingi.

Basi mtu huyo akiona taa za askari nyuma yake, hofu huongezeka juu ya ulevi. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Askari anayo sheria, anayo mafunzo, na akili zake ni timamu. Lakini usukani wa gari la mbele hauko mikononi mwake. Umo mikononi mwa mlevi. Yule asiye na busara ndiye anayechagua mwendo na njia. Mwenye busara hubaki kumfuata. Wakiingia sokoni, au wakifika penye watoto wanaotoka shule, ni mlevi aliyechagua kupita pale.

Wengi wenu mnakumbuka habari za Paris, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1997. Diana, aliyekuwa mke wa Prince Charles wa Uingereza, alikuwa ndani ya gari lililofuatwa na wapiga picha wa magazeti. Hao hawakuwa askari, bali mbio ni mbio. Dereva wa gari lake alikuwa amekunywa, na pombe katika damu yake ilipita kipimo cha sheria ya Ufaransa zaidi ya mara tatu. Gari liligonga nguzo chini ya barabara, katika njia ya Alma. Watu watatu wakafa, na mmoja akapona na majeraha makubwa. Tarehe 6 Septemba wanawe wawili, mmoja wa miaka 15 na mwenzake wa miaka 12, walitembea nyuma ya jeneza la mama yao kwenda Westminster Abbey, kanisa la jamii yetu ya Anglikana.

Mwaka 2008 wazee wa baraza la uchunguzi huko London walitoa uamuzi wao. Hawakumlaumu dereva peke yake, wala waliofuata peke yao. Walisema vifo vile vilitokana na uzembe mkubwa wa dereva pamoja na wa magari yaliyomfuata. Tena walitaja ulevi wa dereva, na kwamba waliokufa hawakufunga mikanda. Liwekeni neno hilo moyoni. Mbio zina watu wawili, na damu inaweza kudaiwa kwa wote wawili.

Nasema kwanza na wewe unayekunywa na kuendesha. Kifaa cha kupima pumzi kilipoanza kutumika barabarani Kenya, wako waliokipokea kama adui. Hata leo wako wanaopigiana simu: Usipite njia ile, askari wapo. Kumbukeni Balaamu katika Hesabu 22. Malaika wa Bwana alisimama njiani na upanga mkononi, na Balaamu hakumwona. Punda alimwona, akakataa kwenda mbele. Balaamu akampiga punda mara tatu, naye kumbe punda ndiye aliyemwokoa roho yake. Askari anayekuinulia mkono usiku huenda ndiye rehema ya Mungu iliyosimama barabarani. Ukisimama utalipa faini, au utalala kituoni na kuona aibu mbele ya mkeo na watoto. Lakini asubuhi utaamka, na mtoto wa jirani yako ataamka pia. Faini hulipika. Mtoto wa watu utamlipa kwa nini?

Tena msiseme, Sikukusudia. Katika Kutoka 21 sheria ya Musa yamhukumu mwenye ng'ombe apigaye kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe ameachiliwa. Lakini kama alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi damu i juu yake. Ndugu yangu, wewe umeonywa na mkeo, na mwenye nyumba uliyotoka kunywea, na leo na kasisi wako. Mfunge ng'ombe wako.

Pili, nasema na ndugu zetu askari, ambao wengine ni washarika wetu na tunawaombea kila Jumapili. Kazi yenu ni ngumu. Mkimwacha mlevi aende, aweza kuua mbele. Mkimfukuza, aweza kuua upesi zaidi. Sisemi kwamba kila mbio ni dhambi. Nasema zipimwe. Yakobo alipokutana na Esau, katika Mwanzo 33, alikataa kwenda kwa haraka. Alisema watoto ni wachanga, na kundi likiharakishwa siku moja tu litakufa. Naye akaenda kwa mwendo wa watoto. Huo ndio mwendo wa mchungaji, na mlinzi wa raia ni mchungaji. Nambari ya gari ikisomwa, mtu huyo anatafutika. Wenzenu walio mbele wanaweza kuambiwa kwa redio wawaondoe watu njiani. Na asubuhi mlango wake utagongwa akiwa na akili zake.

Rudini kwa Yoabu. Jua lilikuwa linakuchwa, na nduguye amelala amekufa njiani. Nani alikuwa na sababu ya kukimbiza kuliko yeye? Lakini Abneri alipopaza sauti kutoka kilimani, akiuliza kama upanga utaendelea kula hata milele, Yoabu alipiga tarumbeta, na watu wote wakasimama. Hakuna aliyemwita mwoga. Laiti tarumbeta ile ingalipigwa mapema, Asaheli angalikula chakula cha jioni pamoja na nduguze.

Tatu, nasema na sisi sote. Mlevi hajitengenezi mwenyewe. Twamwalika harusini, twamjazia bilauri, kisha twampungia mkono akiingia garini pamoja na watoto wetu. Baba wa arusi, fanya mpango wa mahali pa kulala wageni wako. Mama, kataa kupanda. Kijana, mwombe mjomba wako ufunguo kwa heshima, na akikasirika, na akasirike, kesho atakushukuru. Na wewe uliye abiria, gari likisimamishwa na askari, usimwambie dereva, Kanyaga. Mwambie, Simama.

Wapendwa, sisi sote tumewahi kukimbia. Adamu alijificha kati ya miti, Yona alipanda merikebu. Lakini Mungu hatufuati kama Asaheli. Yeye ni mchungaji wa Luka 15, amtafutaye kondoo mmoja hata amwone, kisha humbeba mabegani kwa furaha. Mbele ya anayetufuata hivyo, hatuna sababu ya kuzidisha mbio. Tusimame, tushuke, tuungame.

Tuombe. Ee Mungu mwenye rehema, unayelinda kutoka kwetu na kuingia kwetu. Uwape wanaoendesha kiasi, na askari wetu busara na subira. Uwafariji waliofiwa barabarani, na uwaponye waliofungwa na kileo. Utufundishe sote kusimama tunaposimamishwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,

Kasisi wenu